Jinsi ya Kujenga Aljebra ya Fanksheni Laini Zisizo za Kianalitiki Popote

Fanksheni laini, yaani yenye derivativi za daraja zote, inaweza kushindwa kulingana na mfululizo wake wa Taylor (jumla ya vipeo vya x − a inayoundwa kwa derivativi zake katika nukta a) katika kila kipande cha mstari wa namba halisi. Ile inayolingana na mfululizo huo karibu na kila nukta huitwa ya kianalitiki. Anza na mfano mmoja: f(x) = Σ e^(−√(2ⁿ)) cos(2ⁿx). Vigawo vyake hupungua upesi kiasi cha kuhifadhi ulaini, lakini si upesi kiasi cha kuleta uanalitiki.

Usijumlishe fanksheni za namna hii ovyo, kwani f na eˣ − f zote ni mbovu (si za kianalitiki popote), ilhali jumla yao ni eˣ. Badala yake, zidisha f kwa e^(λx), kwa kila λ halisi. Mchanganyiko wowote wa mstari usio sifuri (jumla ya fanksheni hizi, kila moja ikizidishwa kwa namba) utakuwa fg, ambapo g ni ya kianalitiki na sifuri zake zimetengana. Kama fg ingekuwa ya kianalitiki katika kipande fulani, kuigawa kwa g mahali ambapo g si sifuri kungeifanya f nayo iwe hivyo, jambo lisilowezekana. Tayari una nafasi ya vekta isiyo na kikomo cha dimensheni.

Kwa aljebra, yaani nafasi ya vekta ambamo unaweza pia kuzidisha fanksheni bila kutoka nje yake, chukua P(f), ambapo P ni polinomia isiyo sifuri na P(0) = 0; sharti hili halikwepeki, kwa kuwa fanksheni zisizobadilika ni za kianalitiki. Ikiwa P(f) ni ya kianalitiki katika kipande fulani, tafuta ndani yake kipande kidogo ambamo P′(f) si sifuri (kipo, maana f haitulii kwenye thamani moja popote), kisha teoremu ya fanksheni kinyume (kinyume cha fanksheni ya kianalitiki, mahali ambapo derivativi yake si sifuri, nacho ni cha kianalitiki) itailazimisha f iwe ya kianalitiki. Ukitaka vizalishi vingi (fanksheni za msingi ambazo nyingine zote hupatikana kwa kuzijumlisha na kuzizidisha), tumia f·e^(λx) kwa λ zisizotegemeana kimstari juu ya namba wiano (namba za sehemu).