SOMO: Jinsi ya kupunguza picha zinazokataliwa kwenye tovuti za kuuza picha

Picha ikikataliwa, wengi hukimbilia kulaumu kamera. Mara nyingi kamera imeonewa bure. Mkaguzi wa Shutterstock au Adobe Stock anataka kujua jambo moja: mteja akiinunua picha hii leo, ataitumia bila usumbufu wa kiufundi wala wa kisheria? Kwa hiyo kazi yako ni kuikagua kwa jicho lake kabla hujaipakia.

Hatua ya 1: Chuja

Ukishapiga kitu kimoja mara nyingi, bakiza zile zinazotofautiana kweli: moja ya mlalo, moja ya wima, labda moja yenye mkono wa mtu. Kupakia picha kumi za kikombe kilekile ni kujitafutia kukataliwa kwa kosa la kufanana.

Hatua ya 2: Kagua kwa asilimia 100

Hapa ndipo picha nyingi zinapofia. Kwenye skrini ya simu kila picha inaonekana kali. Ifungue kwenye kompyuta, ivute hadi asilimia 100, anzia kona ya juu kushoto na uipitie taratibu mpaka kona ya chini kulia.

Fokasi kwanza, yaani sehemu ya picha iliyo kali kabisa. Kwenye picha ya mtu, ikae kwenye jicho. Ikiangukia sikioni, picha hiyo iache. Fokasi iliyokosewa haina dawa, na ukilazimisha ukali kwenye programu, vitu vinaota mistari myeupe pembezoni ambayo mkaguzi anaiona mara moja.

Halafu vumbi la sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ni vidoa vya kijivu vinavyojificha vizuri sana, ila angani na kwenye ukuta mweupe vinaumbuka, hasa kama ulipiga kwa f/16 au zaidi, yaani tundu la lenzi likiwa dogo sana. Vifute kimoja kimoja. Angalia pia matawi yaliyo mbele ya anga nyeupe: ukiona uzi wa zambarau au kijani kwenye kingo zake, Lightroom na programu nyingine za kuhariri zina sehemu ya kuuondoa.

Mwisho, chenga, zile punje ndogondogo zinazochafua picha. Watu wanaogopa kupita kiasi ISO kubwa, yaani kuongeza wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Chanzo cha kawaida zaidi ni picha iliyopigwa gizagiza kisha ikanyanyuliwa mwanga kwenye kompyuta. Chenga zote zilizokuwa zimelala kwenye vivuli zinaamka. Afadhali upandishe ISO na upate mwanga sahihi palepale. Na ukisafisha chenga, usisafishe mpaka ngozi ya mtu ionekane kama plastiki. Hilo nalo linakataliwa, na kwa haki kabisa.

Hatua ya 3: Faili

JPEG, rangi za sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini), megapikseli zisizopungua 4, yaani pikseli milioni 4. Piga hesabu baada ya kukata picha, maana ndipo watu wanaponaswa: pikseli 2,400 kwa 1,600 ni megapikseli 3.84, imekwama. Usiikuze kwa nguvu ili ifike.

Hatua ya 4: Nembo na ridhaa

Picha safi kabisa inaweza kukwama kwa sababu ya alama ndogo kwenye kiatu. Tafuta nembo kwenye nguo, kompyuta, chupa, magari ya nyuma. Michoro ya ukutani na tatoo pia zina wenyewe. Hata jengo lina mambo yake: mnara wa Eiffel ukiupiga mchana hakuna tatizo, lakini taa zake za usiku zina hakimiliki.

Mtu yeyote anayetambulika anahitaji fomu ya ridhaa iliyosainiwa, hata kama mtu huyo ni wewe mwenyewe. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Kama huna fomu na tukio lina uzito wa habari, itume Shutterstock kama picha ya kihabari, ukitaja mahali na tarehe kwenye maelezo, na usifute wala kuongeza kitu chochote ndani yake.

Hatua ya 5: Kichwa na maneno ya utafutaji

Eleza kinachoonekana, basi. Shutterstock inataka maneno kati ya 7 na 50. Adobe Stock inayapa uzito zaidi 10 ya mwanzo, kwa hiyo yenye nguvu yatangulie. Usiandike jina la kampuni yoyote, hata kama nembo umeshaifuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, sisi wa simu tuna nafasi?
Jibu: Mnayo. Tumia lenzi kuu, mwanga wa kutosha, na usivute kwa zumu ya kidijitali. Kuwa makini na ile hali ya kutia ukungu nyuma ya mtu. Ivute uangalie nywele, mara nyingi simu inazikata vibaya.

Swali: Mkuu, nimekataliwa kwa fokasi wakati ukungu wa nyuma niliuweka makusudi.
Jibu: Ukungu wa nyuma hauna shida. Angalia kama kitu chenyewe kina sehemu kali inayoeleweka. Ukipiga karibu sana kwa f/1.4, tundu la lenzi likiwa wazi mno, ncha ya pua inakuwa kali na macho yanapotea. Funga mpaka f/4 ulinganishe.

Swali: Za akili bandia je?
Jibu: Adobe Stock inazipokea ukizitambulisha kuwa ni za akili bandia. Shutterstock haizipokei kutoka kwa wachangiaji. Usijaribu kuzipenyeza.

Swali: Ikikataliwa, naweza kuirudisha ilivyo? Kuna jamaa aliniambia yake ilipita mara ya pili.
Jibu: Inatokea, ila hiyo ni pata potea. Soma sababu waliyokupa, rekebisha, ndipo utume. Kama sababu ni fokasi, usihangaike nayo, tafuta nyingine kwenye mkupuo uleule.