Kupandisha toleo la kifurushi Alpine Linux, kuanzia kontena tupu hadi ombi kukubaliwa

Programu unayoitumia kila siku imetoa toleo jipya, lakini `apk`, zana ya kuweka programu kwenye mfumo wa Alpine Linux, bado inakupa la zamani. Lipandishe mwenyewe. Maelekezo ya kujenga vifurushi vyote vya Alpine yamo katika repo (hifadhi ya msimbo) moja ya Git iitwayo aports, na kila kifurushi kina skripti yake ya shell, APKBUILD. Mfano wetu ni htop, kutoka 3.3.0 kwenda 3.4.0.

Kwanza pita gitlab.alpinelinux.org uone kama kuna aliyekwishatuma ombi la kuunganisha (merge request) la toleo hilo. Inauma kukesha na kazi, kumbe mwenzako kaituma tangu asubuhi.

1. Andaa karakana

Kazi hufanyika kwenye edge, tawi linalosonga mbele kila siku. Kama huna mashine ya Alpine, kontena inatosha:

```
docker run -it alpine:edge
apk add alpine-sdk doas
adduser -D fundi
addgroup fundi abuild
echo 'permit nopass fundi' > /etc/doas.d/fundi.conf
su - fundi
abuild-keygen -a -i
```

`abuild`, zana ya kujengea vifurushi, hukataa kuendeshwa na root (mtumiaji mkuu), ndiyo maana tunamhitaji fundi; `doas` humpa ruhusa za root pale zinapohitajika. Amri ya mwisho hutengeneza ufunguo wa kutilia sahihi vifurushi utakavyojenga.

2. Chukua nakala ya repo

Fungua akaunti GitLab hiyo hiyo, tengeneza nakala yako (fork) ya aports, kisha:

```
git clone --depth 1 https://gitlab.alpinelinux.org/JINA-LAKO/aports.git
cd aports
git switch -c htop-3.4.0
cd main/htop
```

Usiache `--depth 1` kama unalipia bando. Bila hiyo utashusha historia ya miaka mingi ambayo hutaisoma.

3. Badilisha namba, kisha usiiamini

Ndani ya APKBUILD weka `pkgver=3.4.0` na `pkgrel=0`. Wageni wengi hujikwaa kwenye `pkgrel`: hiyo huhesabu mara ambazo toleo lile lile limejengwa upya, kwa hiyo toleo jipya huanza na sifuri. Endesha `abuild checksum`. Itashusha msimbo na kuandika alama mpya ya sha512 chini ya faili.

Watu wengi huishia hapo. Alama hiyo huthibitisha tu kwamba sote tumeshusha faili moja. Haisemi kama faili ni safi. Machi 2024 iligundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yalikuwa na mlango wa siri, na kipande cha skripti ya ujenzi kilichouwasha kilikuwa ndani ya faili la kushusha tu. Kwenye Git ya mradi hakikuwepo. Kwa hiyo fungua kwa `abuild unpack`, linganisha na toleo la zamani, soma orodha ya mabadiliko. Angalia kama leseni imebadilika au kuna maktaba mpya inayohitajika.

4. Jenga

```
abuild -r
```

Amri hii huweka mahitaji, hukompaili, huendesha majaribio, hufunga kifurushi, kisha huondoa mahitaji. Ikikwama, mara nyingi chanzo ni musl, maktaba ya C ya Alpine. Msimbo unaotegemea `execinfo.h`, kwa mfano, utagoma kwa sababu musl haina faili hiyo. Majaribio yakifeli, usikimbilie kuyazima kwa `options="!check"`. Tafuta sababu; mkaguzi atakuuliza tu.

5. Pima madhara kwa wengine

Endesha `checkapk`. Hulinganisha kifurushi chako na kilichopo sasa, ikiwemo majina ya maktaba za pamoja (faili za `.so` zinazotumiwa na programu nyingi). Kwa htop hutaona la kutisha, kwani si maktaba. Lakini mimi niliwahi kupandisha maktaba ndogo tu, namba ya `.so` ikapanda nami nisiione, na programu zilizoitegemea zikagoma kuwaka kwa watu. Siku hizi nikiona namba hiyo imebadilika, naweka `lua-aports`, naendesha `ap revdep` kupata wategemezi, naongeza `pkgrel` ya kila mmoja kwa 1, na kuwajenga wote katika ombi lile lile.

Kisha weka kifurushi chako kutoka `~/packages` na ukitumie kweli. Programu kujengeka hakumaanishi inafanya kazi.

6. Tuma

```
git commit -am "main/htop: upgrade to 3.4.0"
git push origin htop-3.4.0
```

Ujumbe uandikwe kwa mtindo huo huo, kifurushi kimoja kwa kila rekodi. (Ipo amri ya `abump` inayofanya karibu yote haya kwa pigo moja, isubiri hadi uzoee kwa mkono.) Fungua ombi la kuunganisha, na kama toleo linaziba tundu la usalama lenye namba ya CVE (kitambulisho cha matundu yaliyotangazwa), liandike kwenye sehemu ya `secfixes` ya APKBUILD.

Seva za mradi zitajenga kazi yako kwenye aina mbalimbali za prosesa, zikiwemo aarch64, armv7 na s390x. Kilichopita kwako kwenye x86_64 kinaweza kuanguka kwenye biti 32, basi soma logi ya mashine iliyoanguka. Mkaguzi akitaka marekebisho, usifungue ombi jingine: rekebisha, `git commit -a --amend`, kisha `git push --force` kwenye tawi lile lile. Likikaa kimya wiki moja, mkumbushe kwa upole mtunzaji aliyetajwa ndani ya APKBUILD. Wengi wao hujitolea baada ya saa za kazi.