Jinsi ya Kuchora Mstari wa Matukio wa Dola ya Wasafavi ya Uajemi (Iran ya leo), 1501–1736

1. Utepe. Kata manila vipande vya upana wa sm 20, viunge kwa gundi hadi urefu wa sm 125. Kipimo ni sm 1 kwa miaka 2, hivyo miaka 235 inachukua sm 117.5. Zinazobaki ni pambizo.

2. Geuza miaka ya Hijria. Zidisha kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Mwaka 907 unatoa 1501. Wengi hujumlisha 622 peke yake wakapata 1529, na hapo wanamtawaza Shah Ismail, mwanzilishi wa dola, miaka mitano baada ya kufa kwake! Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, ndiyo maana ya 0.97. Jibu laweza kupotoka mwaka mmoja, kwa hiyo angalia pia tukio lilitokea mwezi gani.

3. Matukio. Pima kutoka kushoto:
- sm 0: Ismail atawazwa Tabriz; Ushia wa Ithnaasharia wawa dini ya dola
- sm 6.5: vita vya Chaldiran, mizinga ya Waosmani (Waturuki) yawashinda wapanda farasi wa Kizilbashi, makabila ya wapiganaji waliomweka Ismail madarakani
- sm 48.5: Shah Abbas ahamishia mji mkuu Isfahan
- sm 60.5: kisiwa cha Hormuz, kwenye Ghuba, chatwaliwa kutoka kwa Wareno
- sm 69: mkataba wa Zuhab; Baghdad yabaki kwa Waosmani
- sm 104: Waafghani wa Kandahar waasi
- sm 110.5: Isfahan yaangukia mikononi mwa Waafghani
- sm 117.5: Nadir, jemadari, ajitangaza Shah; dola ya Wasafavi yaisha

Abbas hakuwa na jeshi la majini. Hormuz aliipata kwa merikebu za kampuni ya Waingereza. Wareno wakajishikiza Maskati hadi Waomani walipowafurusha 1650. Msomaji wa pwani aongeze sm 98.5: Ngome ya Yesu, Mombasa, mikononi mwa Waomani.

4. Mishale ya sababu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa watu huanza kuchora anguko mwaka 1722. Anzia sm 43 hadi 64, enzi ya Abbas mwenyewe.

Mshale wa kwanza ni fedha. Machifu wa Kizilbashi walilisha askari wao kwa mapato ya majimbo waliyoyashika. Abbas, ili awapunguze nguvu, aliunda jeshi la ghulamu, yaani askari watumwa, wengi wao Wajojia, Waarmenia na Wacherkesi, wa kulipwa na hazina. Hazina ikahitaji fedha, majimbo yakageuzwa mali ya Shah, na waliofuata wakazidisha. Amani ya Zuhab ilipokuja, majeshi ya mikoani yakaachwa yadhoofike.

Mshale wa pili ni malezi. Abbas aliwahofia wanawe: mmoja aliuawa, wengine wakapofushwa. Wana wa kifalme wakawa wanafungiwa ndani ya ikulu badala ya kutumwa kutawala majimbo. Peleka mshale huu hadi sm 82.5 (Suleiman) na 96.5 (Sultan Husein).

5. Kipande cha pembeni. Kwa kipimo chetu, mwaka 1722 hauzidi nusu sentimita. Bandika karatasi nyingine, sm 1 kwa mwezi, Machi hadi Oktoba. Machi: Mahmud, kiongozi wa Waafghani wa Kandahar, ashinda vita vya Gulnabad, karibu na Isfahan. Waafghani hawakuwa na mizinga mikubwa ya kubomoa kuta, hivyo kilichoangusha mji ni njaa. Paka rangi miezi yote ambayo mji ulizingirwa. Oktoba: Husein atoka na kumkabidhi Mahmud taji.