Namna ya Kuandaa Ripoti ya Mwaka ya Utekelezaji wa Mpango Kabambe wa Mji: Mwongozo kwa Arusha

Mpango Kabambe wa Arusha unatazama hadi mwaka 2035, na eneo lake haliishii kwenye mipaka ya Jiji bali linaingia pia katika sehemu za Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na ile ya Meru. Mpango wa muda mrefu namna hiyo hauvunjwi kwa siku moja. Humegwa kidogo kidogo, leo kiwanja cha shule, mwakani hifadhi ya barabara, na anayepita Olasiti au Moshono kila asubuhi hauoni mmego huo kwa sababu macho yake yameshauzoea. Ripoti ya mwaka ndiyo inayouweka wazi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya afisa mipango miji atakayeiandaa, mtendaji wa kata atakayeombwa takwimu, na diwani ambaye itamfikia mezani na anayetaka kujua aulize nini.

Jambo la kwanza ni kuitofautisha ripoti hii na taarifa ya robo mwaka. Taarifa ya robo mwaka hueleza idara imefanya nini: vikao vilivyokaliwa, viwanja vilivyopimwa, fedha zilizopokelewa na kutumika. Ripoti ya mpango hueleza mji umekuwaje. Niliwahi kukabidhiwa ripoti ya halmashauri ambayo sitaitaja, nene na yenye picha nyingi za semina na za ukaguzi wa viongozi, na nilipomaliza ukurasa wa mwisho sikuweza kusema kama katika mwaka ule ilikuwa imeongezeka nyumba hata moja. Waliofanya kazi ile hawakuwa wavivu. Walikuwa wamejibu swali lisilo lao.

Orodha ya ahadi

Chukua mpango wenyewe, maandishi pamoja na ramani, na utoe humo kila ahadi inayoweza kupimwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inatofautisha mpango wa jumla na mpango wa kina, kwa hiyo orodha yako iwe na ngazi hizo mbili: mpango wa jumla, yaani Mpango Kabambe wenyewe, unakuambia upande gani wa mji ni wa makazi, viwanda au kilimo, na michoro ya mipango miji ya kila mtaa inakuambia kiwanja kipi ni cha zahanati na kipi ni eneo la wazi. Kila ahadi iandikiwe mahali, kiasi, mwaka wa kukamilika na mhusika. Utakuta ahadi nyingi zimeandikwa kwa maneno kama "kuboresha" na "kuimarisha" bila kipimo chochote. Usizitungie kipimo leo ili zionekane zimefikiwa. Andika tu kwamba mpango haukuweka kipimo, kisha upendekeze kipimo kitakachoanza kutumika mwaka unaofuata.

Mhusika naye aandikwe kwa usahihi, kwa maana mambo mengi ya mpango hayamo mikononi mwa halmashauri. Maji na majitaka ni kazi ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, barabara za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na mradi wa Safari City kule Mateves ni wa Shirika la Nyumba la Taifa. Waandikie barua mapema, mwezi Mei, ukiwaomba takwimu za maeneo uliyoyataja na si takwimu za mkoa mzima.

Kuhesabu nyumba

Hapa ndipo ripoti nyingi huanguka, na hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine.

Anza na mahitaji. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, na ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 617,631. Ongezeko ni watu 201,189 kwa miaka 10, yaani wastani wa watu zaidi ya 20,000 kila mwaka, sawa na ukuaji wa karibu asilimia 4. Tukichukua kaya ya watu wanne kwa mfano wa hesabu tu, mji unahitaji makao mapya kwa kaya zipatazo 5,000 kila mwaka, kabla hata hatujazigusa kaya ambazo tayari zimebanana. Katika ripoti yako tumia ukubwa halisi wa kaya wa kata husika kama ulivyo kwenye majedwali ya sensa, kwa kuwa kaya ya Kaloleni na kaya ya Terrat hazifanani. Kumbuka pia kwamba sensa ya 2022 iliambatana na sensa ya majengo. Huo ndio msingi mzuri kuliko wote wa kuanzia kuhesabu.

Kisha hesabu kilichopatikana, kwa hatua tatu zisizochanganywa: viwanja vya makazi vilivyoidhinishwa na kupimwa, vibali vya ujenzi vilivyotolewa, na nyumba zilizokamilika na kuanza kukaliwa. Katika jimbo la California nchini Marekani, ambako sheria inazitaka halmashauri za miji kuwasilisha ripoti ya namna hii kila mwaka kufikia tarehe 1 Aprili, hatua hizo huhesabiwa kila moja kwa safu yake, na makao hugawanywa pia kwa kipato cha watakaoyamudu. Kipengele hicho cha kipato kinafaa kuigwa hata pale ambapo hakuna anayekulazimisha. Kiwanja kilichopimwa si nyumba, na kibali si nyumba pia; mtu hupata kibali mwaka huu, akamwaga msingi mwaka kesho, akapandisha kuta baada ya mavuno mawili. Ukizijumlisha hatua hizo tatu, utakuwa umeihesabu nyumba moja mara tatu.

Lakini vibali peke yake vitakudanganya, kwa sababu sehemu kubwa ya nyumba za mji wetu hazipiti kwenye faili. Shamba linakatwa vipande vya hatua 20 kwa 20, mauziano yanaandikwa mbele ya mashahidi, na tofali linaanza kupangwa wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo chagua mitaa michache ya kupimia, baadhi ya katikati ya mji na baadhi ya pembezoni, uirudie hiyo hiyo kila mwaka, na uitembee kwa miguu pamoja na mwenyekiti wa mtaa na balozi. Mwezi Juni na Julai ndiyo miezi mizuri ya kazi hii, maana masika imeshapita na vijia vya udongo vinapitika, ingawa baridi ya asubuhi itakutaka uvae koti.

Mkiwa mtaani, msihesabu mapaa, bali hesabuni milango na kaya. Nakumbuka uwanja mmoja wa nyuma ambao kwenye orodha ulikuwa umeandikwa "nyumba ya makazi, 1". Tulipoingia tulikuta safu mbili za vyumba zikitazamana, ndoo za maji zimepangwa kila mlango, choo kimoja mwishoni, na ukutani mita tisa za umeme za LUKU, kila moja na jina la mpangaji kwa chaki. Zilikuwa kaya 11, kwa kuwa wawili kati yao walikuwa wanachangia umeme wa jirani. Nyumba ya namna hiyo ndiyo inayowahifadhi vijana, wauza mitumba na wasaidizi wa hoteli wa mji huu, na ripoti inayoiandika kama nyumba moja inawafuta watu hao kwenye mpango. Andika idadi ya vyumba, kodi ya chumba kwa mwezi kama wapangaji wako tayari kuitaja, na kaya ngapi zinatumia choo kimoja. Majina ya watu yaache.

Matumizi ya ardhi

Chukua mchoro ulioidhinishwa, uweke juu ya picha ya setilaiti katika programu ya ramani kama QGIS, ambayo haina gharama, halafu uende kuthibitisha chini. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zinapatikana bure, na kila nukta yake ni mita 10 kwa 10 za ardhi. Zinatosha kuonyesha mahali shamba lilipogeuka kuwa mapaa, ingawa hazitoshi kutenganisha nyumba moja na nyingine. Gawanya unachokiona katika mafungu matatu: ardhi inayotumika kama mpango ulivyosema, ardhi iliyobadilishwa matumizi kwa kufuata utaratibu na ikawa na uamuzi wa kikao kwenye faili, na ardhi iliyobadilika bila idhini. Fungu la tatu lipewe namba ya kila tukio, majiranukta (namba zinazoonyesha mahali penyewe kwenye ramani), picha yenye tarehe, na hatua ya ujenzi iliyofikiwa.

Hatua ya ujenzi ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika mtaa mmoja tuliokwenda kuukagua, eneo la wazi kwenye mchoro lilikuwa kijani safi; penyewe tulikuta msingi wa mawe, nondo nne zimeanza kushika kutu, na mahindi yamepandwa katikati ya msingi. Mzee aliyekuwa nasi alituonyesha kwa fimbo mahali lilipokuwa goli la watoto. Msingi unaweza kuzungumziwa, kwa kuwa mjenzi bado hajazika fedha nyingi na hakuna familia iliyokwisha kulala humo. Miaka miwili baadaye ni bomoabomoa, kesi na machozi. Ripoti ikitoka kila mwaka bila kukosa, mji unapata nafasi ya kuukuta ujenzi ungali msingi.

Kingo za mito zinahitaji jedwali lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Arusha ina Themi na Naura zikipita kati ya makazi. Pima kipande kile kile kila mwaka, andika ni mita ngapi za ukingo zilizo wazi na ngapi zimejengwa.

Miradi mikubwa nayo iandikiwe aya yake. Uwanja wa mpira wa Olmoti, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2024 kwa ajili ya michuano ya AFCON ya 2027, huvuta wanunuzi wa viwanja kuuzunguka, na mitaa inayopakana nao inastahili kuwa miongoni mwa ile ya kupimia.

Mwisho wa sehemu hii weka kipimo kimoja cha jumla: kasi ya kutanuka kwa eneo lililojengwa ikigawanywa kwa kasi ya ongezeko la watu. Kwa mfano, kama eneo lililojengwa linatanuka kwa asilimia 6 kwa mwaka na watu wanaongezeka kwa asilimia 4, jibu ni 1.5, maana yake mji unakula ardhi haraka kuliko unavyozaa na kupokea watu. Anayeandika ripoti ya Moshi awe mwangalifu hapa. Manispaa hiyo ilitoka watu 184,292 mwaka 2012 hadi 221,733 mwaka 2022, chini ya asilimia 2 kwa mwaka, na takwimu hiyo isisomwe haraka kama kudorora kwa mji, kwa sababu anayefanya kazi mjini anaweza kujenga ng'ambo ya mpaka, vijijini. Hesabu ivuke mpaka pamoja na watu.

Kueleza tofauti

Kila palipo na tofauti kati ya mpango na hali halisi, taja sababu moja au mbili mahususi. "Ufinyu wa bajeti" hausaidii. Andika kwamba fidia ya eneo fulani ilithaminiwa lakini haikulipwa, kwamba upimaji ulisimama kwa mgogoro wa mpaka wa mashamba mawili, au kwamba kiwanja kilichopimwa kimemshinda bei mnunuzi yule yule anayemudu hatua 20 kwa 20 za shamba. Kosa likiwa la idara yako, liandike kwa lugha ile ile uliyotumia kueleza kosa la wengine.

Kuiwasilisha

Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni. Lenga kumaliza rasimu mwishoni mwa Septemba ili ripoti ifike kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na kisha Baraza la Madiwani, kabla bajeti mpya haijaanza kupangwa. Ikifika Februari, fedha zitakuwa zimeshagawanywa. Kabla ya kuifikisha kwenye vikao hivyo, soma matokeo ya kila mtaa katika mkutano mkuu wa mtaa huo, ukiwa na ramani kubwa iliyobandikwa ukutani, kwa sababu wakazi watakusahihisha mambo ambayo setilaiti haikuyaona. Muhtasari wa kurasa mbili ubandikwe kwenye mbao za matangazo za kata. Mwananchi asiyeiona anaweza kuiomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016.

Majedwali ghafi, majiranukta na orodha ya mitaa ya kupimia yahifadhiwe katika ofisi, nakala moja kwenye mtandao wa halmashauri na nyingine kwa mtunza kumbukumbu, pamoja na karatasi inayoeleza kila namba ilipatikanaje, ili afisa atakayehamishiwa hapa kutoka Singida au Lindi aweze kuitembea mitaa ile ile Juni ijayo na kuhesabu milango kwa namna ile ile.