Ukibadilisha unene wa nyuzi za gitaa la umeme, pima tena freti ya 12

Ukihama kutoka seti ya nyuzi inayoanzia unene wa inchi 0.009 kwenda ya 0.010, usiishie kutuni (kurekebisha sauti) nyuzi zikiwa wazi, yaani bila kukandamizwa. Gusa uzi kwa wepesi, bila kuukandamiza, juu kabisa ya chuma cha freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa), upige na usome tyuna, kifaa kinachoonyesha kama sauti iko juu au chini. Kisha ukandamize hapohapo, kwa nguvu zako za kawaida, upige tena. Sauti ya pili ikiwa juu zaidi, legeza uzi, zungusha skrubu ya daraja (sehemu ya mwilini inayoshikilia mwisho wa nyuzi) ili kipande kinachobeba uzi huo kirudi nyuma, mbali na shingo, halafu tuni upya na upime. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, lakini kuukandamiza huuvuta na kupandisha sauti kwa kiasi kinachotegemea unene wake, hivyo urefu lazima ufidie. Mpiga solo wa rumba, ambaye vidole vyake hukaa sana kwenye freti za juu, huisikia kasoro hii ya sauti kutolingana mapema kuliko mpiga ridhimu. Nyuzi zilizochakaa hazipimiki kwa njia hii, na shingo iliyopinda hurekebishwa kwanza.