Jinsi ya kumkagua kaa wa ziwani ukihisi dawa ya shambani imeingia majini

Kama unalima nyanya au pamba karibu na maji huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, iwe Magu, Misungwi au Sengerema, jifunze kumsoma kaa. Kaa na uduvi wana undugu na wadudu, kwa hiyo dawa tunayompigia funza wa vitumba inawaua na wao kwa kiasi kidogo mno. Mi nilianza baada ya jirani kusuuzia bomba lake la kupigia dawa kwenye kijito chetu, kesho yake asubuhi nakuta kaa wamelala chali kwenye matope, miguu inatetemeka kama ya mtu mwenye homa, na samaki wadogo pembeni wanaogelea kama kawaida.

Usikimbilie kisu, mwangalie kwanza akiwa hai. Dawa za organofosfeti, aina moja ya dawa za wadudu, zinafunga kimeng'enya kinachozima ishara kwenye mishipa ya fahamu, sasa ishara haizimiki, misuli inakazana bila kupumzika mpaka kaa analegea kabisa. Mpindue chali. Mzima anajigeuza upesi na ukimgusa jicho analificha, mwenye sumu anapapasa hewani tu. Ila usichanganye na maji kukosa hewa, maana gugu maji likijaa au maji yakiwa kijani hilo nalo linatokea sana: hewa ikiisha samaki wakubwa ndo wanatangulia kufa, mara nyingi alfajiri, na kaa anapanda nchi kavu akiwa na nguvu zake. Kwenye dawa, uduvi, kaa na wadudu wa majini mara nyingi ndo wanaanza.

Vaa glavu za mpira. Chukua kaa watatu wanne upande wa chini wa shamba, maji yanakoelekea, na wengine idadi hiyohiyo upande wa juu, maji yanakotokea, ambako dawa haifiki, wawe wa ukubwa mmoja. Hapa ndo watu wengi wanaruka na ndo kazi inaharibikia hapo, kaa mmoja peke yake hakwambii kitu, lazima uwe na wa kumlinganisha naye. Waweke kwenye barafu mpaka wafe ganzi.

Halafu ingiza kisu nyuma, pale gamba la mgongo linapoishia, ulibandue kwenda mbele. Kulia na kushoto utaona matamvua yamepangana kama kurasa za daftari. Kaa anapumulia hayo, na ndo yanamshikia chumvi mwilini maana maji ya ziwa hayana chumvi ya kutosha, kwa hiyo yakiharibika anakosa pumzi na chumvi inamvuja kwa pamoja. Yamwagie maji safi polepole: matope yatatoka na kurasa zitaachana. Zikibaki zimevimba, zimegandana, au zina madoa meusi yasiyotoka, andika, halafu angalia na wale wa juu wakoje.

Katikati kuna tezi kubwa ya njano au kahawia, inafanya kazi ya ini na kongosho pamoja. Inasaga chakula, inatunza mafuta, inapambana na sumu, na kwa kuwa dawa nyingi zinashikana na mafuta, zinarundikana hapohapo. Rangi isikudanganye, inabadilika na chakula. Angalia kama vijimirija vyake vimeshikamana au vimekuwa uji, ila kaa awe wa muda huohuo, maana akifa tezi hii inajiyeyusha yenyewe ndani ya saa chache, hivyo maiti aliyelala juani achana naye. Seli zilizokufa zinaonekana kwa hadubini tu, usijipe cheo cha maabara.

Jike akiwa na mayai chini ya mkia, mrudishe. Kaa wetu hawa wa maji baridi hawana viluwiluwi vya kusafiri na maji, mayai yanatoka vitoto vya kaa moja kwa moja, kwa hiyo majike wakifa kijito kinakaa kitupu muda mrefu. Na kama mmepiga dawa za lufenuroni kwa viwavijeshi kwenye mahindi, tafuta waliojivua gamba karibuni, dawa hizo zinazuia gamba jipya kuundwa vizuri.

Wa kupeleka maabara wafunge kwenye foili, uwaweke kwenye barafu. Maji yaweke kwenye chupa ya kioo, ijae mpaka juu, kwa sababu dawa za pairethroidi, aina nyingine ya dawa za wadudu, zinanata kwenye plastiki na majibu yatatoka pungufu. Andika siku, saa, mvua ya mwisho na dawa iliyopigwa, umpe afisa kilimo au uulize TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza. Wala msile hao kaa, kuchemsha hakuondoi sumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili sababu ya watu kuvua kwa sumu, na walioumia ni mpaka wavuvi ambao hawakugusa dawa.

Kwenye bomba, sheria inataka shughuli zikae mita 60 kutoka kwenye maji, suuza huko, kopo mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba upigie shamba, kopo litobolewe. Jirani nilimpelekea kaa wawili, wa juu na wa chini, wameshafunguliwa, nikamwonyesha matamvua. Sasa hivi anasuuzia shambani. Juzi nimepitisha chujio la chai chini ya majani ya kijitoni, nimepata uduvi wanne, wawili wana mayai.