Leya za AutoCAD: jinsi ya kuzipanga na kuzipa majina kwenye ramani ya nyumba

Kabla hujaongeza leya (tabaka la mchoro unaloweza kulionyesha au kulificha peke yake), jiulize: kuna karatasi yoyote ambayo kitu hiki hakitakiwi kuonekana, au kinatakiwa kuonekana kwa unene mwingine? Kama ipo, kipe leya yake. Kama haipo, kiache na wenzake. Kwa kipimo hicho, ramani ya nyumba ya vyumba vitatu yenye mpango wa sakafu, msingi, paa, umeme na mabomba inatoshwa na leya 20 hadi 30. Ukiwa nazo tano, fundi umeme atatafuta taa zake katikati ya vitanda na makabati. Ukiwa nazo 150, hakuna atakayekumbuka kipi kinakaa wapi, na kila mtu atachora kwenye leya yoyote aliyoikuta imewashwa.

Majina

Mfumo unaoeleweka kwenye ofisi nyingi ni ule wa AIA, taasisi ya wasanifu majengo ya Marekani. Jina huanza na herufi ya fani: A ya usanifu, S ya miundo, E ya umeme, P ya mabomba. Hufuata kistari na herufi nne za kitu chenyewe, na ikibidi herufi nne nyingine za kufafanua. Kwa nyumba yetu:

A-WALL kuta, A-WALL-PATT michoro ya kujazia kuta, A-DOOR milango, A-GLAZ madirisha, A-FURN samani, A-ROOF paa, A-ANNO-DIMS vipimo, A-ANNO-TEXT maandishi, S-GRID mistari ya gridi, S-FNDN msingi, S-COLS nguzo, S-BEAM boriti, E-LITE taa, E-POWR soketi, P-DOMW maji safi, P-SANR maji taka.

Kwenye ukarabati ongeza herufi ya hali mwishoni: A-WALL-E ukuta uliopo unaobaki, A-WALL-D wa kubomoa, A-WALL-N mpya.

Fani hutangulia kwa sababu orodha hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo vya umeme vyote hukaa pamoja, na ukiandika E* kwenye kisanduku cha kutafutia unabaki navyo tu. Majina ya Kiswahili kama A-UKUTA hayana kosa lolote, mradi wewe na mhandisi mnaobadilishana faili mmekubaliana. Ubaya ni kuchanganya. A-WALL, A WALL na A-WALLS ni leya tatu tofauti kwa programu. Ukinakili kitu kutoka faili nyingine na jina likalingana na lako, kitafuata rangi na unene wa leya yako. Jina likipishana hata kwa nafasi moja, leya ngeni inaingia na mizigo yake. Ndivyo faili zinavyojaa takataka.

Rangi na unene

Andika LA, Enter, dirisha la leya lifunguke, tengeneza leya zote kwa mpigo mmoja, kisha hifadhi faili kama kiolezo cha .dwt ili usirudie kazi kila mradi. Kwa ramani ya 1:100 unene huu unasomeka vizuri: kuta zilizokatwa 0.50 mm, milango na madirisha 0.25, samani na vipimo 0.18, michoro ya kujazia 0.13. Ukiprinti kwa monochrome.ctb kila kitu hutoka cheusi na unene hufuata leya, kwa hiyo rangi zinabaki za kukusaidia kwenye skrini tu.

Rangi, aina ya mstari na unene wa kila kitu viwe ByLayer, yaani vifuate leya yake. Mtu akipaka mstari mmoja rangi nyekundu kwa mkono, utabadilisha leya mpaka uchoke na mstari huo hautasogea. Dawa ni amri ya SETBYLAYER.

Leya 0 usichoree ramani. Kazi yake ni bloku, yaani vitu vilivyounganishwa kuwa kimoja ili vitumike tena na tena. Mlango uliochorwa kwenye leya 0 kwa ByLayer, ukageuzwa bloku, utavaa sura ya leya yoyote utakayouwekea. Ukiuchora kwenye A-FURN kisha ukauweka kwenye A-DOOR, siku utakapogandisha (Freeze) leya ya samani milango itatoweka pia, na utabaki kujiuliza imekwenda wapi.

Kuzima si kugandisha

Hapa ndipo kazi hupotea. Leya iliyozimwa haionekani, lakini vitu vyake bado vinashikika: ukiandika E (amri ya kufuta), kisha ALL (vyote), vinafutwa pamoja na vingine bila wewe kuona. Vya leya iliyogandishwa au iliyofungwa havifutiki hivyo. Kwa hiyo zima kwa dakika chache tu. Kwa muda mrefu gandisha.

Karatasi ya umeme haihitaji nakala ya pili ya mpango wa sakafu. Ingia kwenye karatasi (Layout), bofya mara mbili ndani ya fremu ya mchoro (viewport), fungua LA, na kwenye safu ya VP Freeze gandisha A-FURN na A-ANNO-DIMS. Kwenye VP Lineweight shusha A-WALL hadi 0.18 ili taa na soketi zijitokeze. Karatasi nyingine hazitaguswa.

Fremu yenyewe iwekee leya ya A-ANNO-NPLT iliyozimwa alama ya printa. Wengi huitupa kwenye Defpoints kwa kuwa haiprintiwi. Tatizo ni kwamba leya hiyo ni ya programu, inayoitumia kwa nukta za vipimo, na mtu akiichezea anavuruga zaidi ya fremu.

Kabla ya kutuma

Endesha LAYWALK, bofya jina moja moja, utazame kilichomo. Soketi iliyojificha kwenye A-WALL utaiona papo hapo. Leya zinazofanana ziunganishe kwa LAYMRG, kisha PURGE iondoe zilizo tupu. Ikigoma kuondoa leya inayoonekana tupu, mara nyingi kuna bloku inayoitumia kwa ndani. LAYDEL itaiondoa, ila itafuta pia vipande vya bloku vilivyokuwa kwenye leya hiyo, hivyo hifadhi nakala kwanza.